Mlango Niliouacha Wazi

Anaeli mwanangu,

Mambo ya blanketi, ya kutokunywa maji ya kila kijito unachokivuka, ya kutolala na nguo mbichi, shangazi yako amekwisha kukuambia tangu juzi mpaka masikio yako yamechoka. Yeye ndiye aliyekulea, ana haki ya kusema. Mimi sina la kuongeza hapo. Nimeomba karatasi na wino kwa mwalimu, nimekuja kukaa huku nyuma ya ghala ambako hakuna wa kunitafuta, na jua bado halijashuka, kwa hiyo nina nafasi ya kutosha kukuandikia na hata kukosea.

Najua utacheka. Utasema, mzee huyu ana mdomo wa kuwashinda wanawake wa sokoni, leo anaandika barua kwa mtu anayelala naye nyumba moja? Ndiyo, ninaandika. Kuna neno nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara tatu wiki hii, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza kama mbuzi wamefungwa. Uliona mwenyewe. Jana ulinijibu, "Baba, mbuzi umewafunga wewe."

Nitaanza na lile linaloniuma, nisije nikapotea njiani. Hapa kwetu kuna mtu mmoja usiyemwamkia. Ukikutana naye njia ya korongoni unageuza uso, na ukiwa na wenzako unatema mate chini. Ni Namnyaki, mama yako mkubwa, aliyezaliwa na mama yako tumbo moja. Umekua ukijua kwamba yeye ndiye aliyemwua mama yako kwa uchawi. Hukuzaliwa unalijua hilo. Ulifundishwa, na katika waliokufundisha mimi ni wa kwanza, ingawa sikufungua mdomo. Sasa nasema: si kweli. Namnyaki hakumwua mama yako, na mimi nimelijua jambo hilo miaka tisa yote hii.

Vuta pumzi kwanza, kisha endelea kusoma.

Ulipoletewa habari kwamba umechaguliwa kwenda Tanga kujifunza kufunga vidonda na kuwatunza wagonjwa, watu wote walishangilia. Baba yako mkubwa Sirikwa alichinja. Mimi nilikula nyama ile, lakini sikushangilia. Ungekuwa unakwenda kujifunza useremala, au kuwa karani bomani, labda ningekuacha uende na uongo wako nami nife na wangu. Lakini unakwenda kwenye nyumba ya wagonjwa, na ni katika nyumba ya wagonjwa ndipo nilipoharibu.

Unajua kwamba zamani nilikuwa mlinzi wa mlango pale misheni. Unajua kwa sababu watu bado hunitania. Nyumba yenyewe umeiona, ile ndefu ya udongo yenye paa la nyasi, upande mmoja wanaume, upande mwingine wanawake, vitanda vitano vitano vya miti na kamba za ngozi. Aliyeitunza alikuwa yule mwanamke wa Kijerumani tuliyemwita Mama Dawa. Mfupi, mwembamba, anatembea kama mtu aliyesahau chungu motoni. Alinichagua mimi kwa sababu ya sauti yangu. Alisema sauti hii inaweza kuzuia ng'ombe.

Amri yake ilikuwa moja: mgonjwa mmoja, wageni wawili, wasiketi kitandani, wasikae sana. Na aliyelala asiamshwe, hata akija Mangi mwenyewe, mkuu wa nchi yetu.

Basi fikiri, kwa watu wetu! Wewe umeyakuta mambo yamelegea kidogo, lakini siku zile mtu akiugua, ukoo mzima huenda kumwona. Usipoenda, watauliza unaficha nini. Na huendi mikono mitupu, unabeba mtori wa ndizi, unabeba maziwa, unabeba chochote. Na mgonjwa naye lazima aonje katika kila mkono uliokuja, hata tone, kwa maana akikataa chakula chako amesema mbele ya watu kwamba umekitia kitu. Hivyo ndivyo tulivyopendana, mwanangu, na hivyo ndivyo tulivyochungana. Mama Dawa hakuelewa. Sisi nasi hatukumwelewa yeye. Mimi nilisimama katikati, na fimbo mkononi.

Nisikufiche, nilikuwa na raha yangu. Niliwarudisha watu kwa raha. Wazee wenye mvi niliwaambia, "Wawili tu, baba, hesabuni wenyewe." Kuna bwana mmoja alikuja na vibuyu saba na wake watatu, nikamwambia achague mke mmoja, watu wakacheka mpaka upande wa wanaume. Nikaenda nyumbani kumhadithia mama yako. Hakucheka. Aliniambia, "Siku mgonjwa akiwa wako, ndipo nitaona fimbo yako."

Siku ikaja. Ilikuwa majira ya baridi, mvua za masika zimekwisha, ukungu umekaa mlimani juma zima. Mama yako alirudi shambani akishika ubavu. Usiku ule homa ikapanda, na kila akivuta pumzi analia kidogo, mtu ambaye alikuzaa wewe bila kulia. Kichomi. Tulimbeba kwa machela asubuhi, wewe nikakuacha kwa jirani. Ulikuwa na miaka minane. Ulitaka kuja, nikakukaripia.

Mama Dawa aliweka sikio mgongoni kwake, akasikiliza sana. Kisha akanivuta nje, akasema kwa Kiswahili chake kile cha kukatakata: "Yakobo, dawa ninazo chache. Dawa kubwa ya mke wako ni usingizi. Hiyo mimi sina katika chupa. Hiyo uko nayo wewe, hapa mlangoni." Siku ya pili yake akaitwa Arusha, kuna mzungu aliyezidiwa kule karibu na boma, akapanda punda akaondoka. Akaacha nyumba mikononi mwa kijana wa kuosha vidonda, na mlango mikononi mwangu.

Siku mbili za kwanza nilifanya kazi yangu. Alilala. Aliamka akanywa uji, akauliza habari zako, akalala tena. Homa ilikuwepo, lakini alikuwa analala.

Siku ya tatu akaja Sirikwa.

Hapa lazima nikueleze jambo ambalo hujawahi kulisikia kwangu, maana baba hapendi mtoto ajue kwamba aliwahi kudharauliwa. Nilipobatizwa, ukoo ulinikata. Hakuna aliyenipiga, hakuna aliyenifukuza. Waliacha kuja, basi. Wewe ulipozaliwa hawakuja. Tulipojenga nyumba, niliinua nguzo mimi na mama yako na Namnyaki, watu watatu, nguzo ya kati ikatushinda tukakaa chini tukacheka kwa uchungu. Miaka minane mlangoni kwangu hakukanyaga mtu wa baba yangu. Halafu asubuhi hiyo ninainua macho, namwona kaka yangu Sirikwa anapanda ile njia ya migombani, nyuma yake wazee, nyuma ya wazee wanawake wenye vyungu. Wanakuja kwa mke wangu. Anaeli, machozi yalinitoka. Nilidhani nimerudishiwa ukoo wangu.

Nilisema, kwa aibu kidogo, "Kaka, amri ni watu wawili."

Sirikwa akaniangalia. "Mlango huu ni wa nani?"

"Wa misheni."

"Na aliyelala ndani ni wa nani?"

"Wetu."

"Basi kaa kando, mdogo wangu. Au umekuwa Mjerumani kabisa?"

Nikakaa kando. Na sikukaa kando tu, nilikimbia kuleta mabenchi ya kanisani ili wazee wakae.

Unajua adabu ya mkamwana. Hawezi kulala mbele ya wazee wa mumewe. Mama yako aliposikia sauti ya Sirikwa alijivuta aketi, ubavu ukamshika, akashindwa. Mimi ndiye niliyemwinua. Kwa mikono hii inayokuandikia. Nikamwekea blanketi mgongoni, nikamfunika kichwa, nikamkunja miguu vizuri kwa heshima. Akapokea salamu za mtu mmoja mmoja. Akaonja chungu kimoja kimoja. Wakitoka hawa wanaingia wale, na kila kundi linataka kusikia ugonjwa ulianzaje, naye anaeleza tangu mwanzo, shambani, ubavu, homa. Nami nimesimama pale nimejaa fahari, nawaambia wanaongoja nje, "Subirini kidogo, nafasi ipo."

Wengine waliolala humo nao waliteseka. Kwenye kitanda cha pili palikuwa na mwanamke mmoja wa Kiarusha, mtu mzima, mguu wake umeungua kwa moto. Watu wetu walimkalia kitandani kama gogo la njiani. Kila mtu akijigeuza, yule mama anauma kanga. Hakusema kitu mpaka jioni walipotoka. Ndipo akaniita kwa ile sauti yake ya chini: "Wewe mwenye mlango, hivi mlango wako umeanguka?"

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia anaona wivu kwa kuwa yeye hana watu.

Jioni hiyo mama yako akanishika mkono. Kiganja kilikuwa cha moto. "Baba Anaeli," akasema, "kesho waambie nimelala."

"Watasikitika."

"Waambie tu nimelala. Wala hutakuwa umesema uongo, nitakuwa nimelala kweli."

Nikamwambia, "Haya." Nilikubali kwa moyo kabisa, nataka ujue hilo. Asubuhi walipokuja, neno lile lilikuwa hapa mdomoni, tayari. Sirikwa akanisalimu kwa kunishika bega, kitu ambacho hakukifanya tangu nibatizwe. Nikalimeza.

Sasa nikupe habari za Namnyaki, na usome taratibu.

Namnyaki alikuja kila siku. Alikuja alfajiri, umande haujakauka, kabla ya mtu yeyote. Hakuingia. Alizunguka nyuma ya nyumba, akaketi chini ya dirisha, pale ambapo kichwa cha mama yako kilikuwa upande wa pili wa ukuta. Siku ya kwanza nilidhani anaogopa wazungu. Nikamwuliza, "Mbona huingii?"

"Amelala?"

"Amelala."

"Basi. Nikiingia ataamka. Ananijua kwa nyayo tangu utotoni." Akanipa kibuyu cha maziwa. "Akiamka mpe. Asipotaka, kunywa wewe."

Aliketi pale anasikiliza pumzi za mdogo wake ukutani. Watu wakianza kupanda njia, anainuka anajifuta nyasi anaondoka kwa njia ya chini. Hakuna aliyemwona ila mimi. Siku ya tano alinifuata mlangoni, akanikamata nguo. "Yakobo, funga mlango huu. Mdogo wangu anakwisha. Nasikia pumzi zake, hazifiki chini." Nikamwambia mambo ya ukoo wetu hayajui. Nikamwambia na lingine baya zaidi, kwamba yeye mjane asiye na mtu anaionea wivu heshima ya mwenzake. Kesho yake alikuja tena, akaketi palepale.

Siku ya saba ilikuwa siku ya soko. Watu waliotoka sokoni wakapitia kwetu wote, waliomjua na wasiomjua, kwa kuwa habari zilienea kwamba mke wa Yakobo anatembelewa sana. Alikaa tangu asubuhi hadi jua likaegemea. Mara mbili alianguka kiubavu, mara mbili nikamwinua. Mara ya pili aliniangalia, Anaeli. Macho yale ninayo. Hayakuwa na hasira. Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto aliyevunja kitu asichojua thamani yake. Kisha akamgeukia mzee aliyekuwa mbele yake, akaitikia salamu.

Alikufa kabla hapajapambazuka. Namnyaki alikuwa ameshafika chini ya dirisha. Yeye ndiye aliyejua kwanza, kabla yangu mimi niliyelala ndani, maana niliamshwa na kilio chake.

Mama Dawa alirudi mchana wake. Aliona tope la miguu, maganda ya ndizi, vyungu vimepangwa mpaka chini ya kitanda. Akaniuliza neno moja: "Alilala?" Nikamjibu, "Kidogo." Hakunifukuza kazi. Afadhali angenifukuza. Miezi kadhaa baadaye nilipata ujasiri nikamwuliza kama angepona. Akasema, "Sijui, Yakobo. Kichomi kinaua hata watu waliolala. Lakini yeye hakulala." Kwa hiyo mimi nami sijui, na sitajua. Usiniambie siku moja kwamba haikuwa kosa langu. Hujui wewe pia.

Baada ya maziko ukoo ukaketi. Kila mtu alikuwa na uchungu, na uchungu wetu siku zote hutafuta mtu. Sirikwa akasimama, akasema ukoo umetimiza wajibu wake, wote wameonekana, wote wamelisha. Basi nani hakuja? Wakataja majina, wakahesabu, wakafika kwa Namnyaki. Dada wa tumbo moja! Hakuna aliyemwona hata siku moja. Hakuna chungu chake. Wakanigeukia mimi. Sirikwa akasema, "Wewe ulikuwa mlangoni. Je, Namnyaki aliingia?"

Ningeweza kusema mengi. Ningeweza kusema alikuja kila alfajiri. Lakini nikisema hivyo wataniuliza kwa nini hakuingia, nami itabidi niseme ni kwa sababu alimhurumia mgonjwa. Na ikiwa yeye alimhurumia kwa kutoingia, sisi tulioingia tulifanya nini? Mimi niliyeleta mabenchi nilifanya nini? Yote hayo yalinipita kichwani, upesi kuliko ninavyoandika. Nikajibu, "Sikumwona akiingia."

Hayo tu. Watu wakaguna. Sirikwa akaketi. Jambo likawa limekwisha, mchawi amepatikana, na mimi nikawa na ukoo.

Yeye akawa hana. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemshitaki kwa Mangi wala bomani. Walimfanyia lile walilowahi kunifanyia mimi, ila kwake waliongeza maji. Zamu yake ya mfereji wakaigawa kwa wengine. Ndiyo maana unamwona akishuka korongoni na mtungi, mwanamke wa umri ule, na kupanda nao ile njia ambayo hata wewe unahema ukiipanda.

Kuna siku moja, ulikuwa na miaka kumi hivi, ulimvizia ukatupa tope ndani ya mtungi wake. Nilikuwa migombani, niliona. Alitua mtungi, akatazama ndani, akayamwaga maji, akageuka kushuka tena. Hakukutukana. Ulikuja nyumbani unacheka ukanihadithia, nami wakati huo nilikuwa nakata nyama. Nilikukatia kipande kikubwa. Loo, Anaeli! Sijui kama unakumbuka kipande kile. Mimi kimenikaa kooni hadi leo.

Usidhani sikutubu. Nilikwenda kwa mchungaji, nikamwambia yote, akaniombea, akaniambia Mungu amenisamehe. Nikarudi nyumbani mwepesi, nikalala vizuri. Asubuhi yake nikamwona Namnyaki anashuka na mtungi. Mungu alikuwa amenisamehe, na yeye bado anateka maji korongoni.

Baada ya mama yako nikawa mkali kupita kiasi. Nikafunga mlango kwa kila mtu, nikadhani ninalipa. Akaja mama mmoja kutoka upande wa magharibi wa mlima, amelala njiani, amebeba maziwa, binti yake mdogo yuko ndani. Nikamwambia saa imepita, aje kesho. Kesho yake nikamwambia mgonjwa amelala. Kumbe mtoto hakuwa amelala, alikuwa amegeukia ukutani, hali, hanywi. Mama Dawa ndiye aliyegundua. Akamleta yule mama ndani kwa mkono wake mwenyewe. Yule mama hakusema lolote. Hakuuliza ugonjwa ulianzaje, hakutoa kibuyu. Aliketi chini, akaweka mkono juu ya unyayo wa mtoto. Mtoto akalala palepale, akalala mpaka mchana. Nilisimama na fimbo yangu kama mjinga. Wiki hiyo hiyo niliomba niachishwe kazi, nikapewa kupalilia kahawa.

Kwa hiyo ukinitaka nikupe kanuni ya kwenda nayo Tanga, sina. Wazungu watakupa yao, itakuwa imeandikwa ukutani. Watu watakuja na vyungu vyao, watakulilia, watakutukana, watakuuliza umekuwa nani. Wote watakuwa na haki kidogo. Mimi kosa langu lilikuwa kwamba nilimtazama sana aliyesimama mlangoni, nikasahau kumtazama aliyelala. Labda wewe utakosea kwingine. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo. Ukiliacha neno mpaka kesho, kesho linakuwa zito, na keshokutwa huliwezi.

Nimefika mahali pagumu.

Juzi nilikwenda kwa Namnyaki. Nilichuma jani la isale kama desturi yetu inavyotaka mtu akienda kuomba msamaha, nikashika njia nikiwa nimelifunika ndani ya nguo, mtu asinione. Miaka tisa sikukanyaga pale. Amezeeka. Alikuwa anachambua maharage, akanisogezea kigoda bila kuniuliza nimefuata nini. Nikatoa jani, nikamweleza yote, na yale aliyoyajua na yale ya kikao ambayo hakuwahi kuyasikia. Nililia. Yeye hakulia.

Nilipomaliza akasema, "Neno ulilisemea wapi?"

"Kwenye ukoo."

"Mbele ya watu wangapi?"

"Wote."

"Na msamaha umeuleta hapa, tuko wawili, na jani umelificha kwenye nguo." Akanirudishia. Hakunitupia, aliniwekea kiganjani kwa upole, na hilo ndilo lililonikata maini. "Shemeji, sina kinyongo cha kukuua. Lakini jani hili silipokei hapa. Lipeleke ulikosemea."

Nikamwuliza kama anataka kukuona kabla hujaondoka. Akaanza kuchambua maharage tena. Akasema, "Ninamwona kila siku." Kisha akasema, "Ana mwendo wa mama yake." Nikaondoka.

Kesho asubuhi ukoo wote utakuwa hapa uani kukuaga. Sirikwa ndiye atakayeshika kibuyu cha baraka, wazee watakutemea mate ya kukubariki, wanawake watapiga vigelegele. Nimemtumia Namnyaki ujumbe kwamba aje. Sijui kama atakuja. Mimi nimeazimu kwamba kabla Sirikwa hajainua kile kibuyu, nitasimama na jani la isale mkononi, wazi, nami nitasema nilichokiona chini ya dirisha lile. Najua kitakachofuata. Sirikwa atasema namtia aibu siku ya furaha. Wengine watasema ni wazimu wa uzeeni. Huenda baraka zako zikaharibika, ukaondoka na kelele badala ya vigelegele, na kwa hilo nakuomba radhi kabla halijatokea. Ningeweza kungoja uondoke kwanza. Nilifikiri hivyo, kisha nikajua ni ule ule ujanja wangu wa zamani umevaa nguo mpya, kwa maana ukiondoka nitangoja urudi.

Ndiyo maana barua hii unaipata leo, usije ukasikia haya kwa mara ya kwanza katikati ya watu, nao wanatazama uso wako.

Lakini najifahamu, Anaeli. Mara moja nimeshalimeza neno kwa sababu kaka yangu alinishika bega. Ninaweza kulimeza la pili. Kesho nitazame vizuri. Ukiona Sirikwa ameshika kibuyu na mimi bado nimeketi, au nimesimama halafu naanza kuuliza habari za mbuzi, usinionee huruma, na usiseme huyu ni baba yangu, nimfunike. Toa karatasi hizi. Habari za mchungaji na za kupalilia kahawa ziruke, hazina kazi pale. Wasomee kuanzia asubuhi aliyokuja Sirikwa mlangoni, soma mpaka jibu nililotoa kwenye kikao. Soma kwa sauti yenye nguvu, sauti umeirithi kwangu, isikike mpaka ng'ambo ya uzio kama kuna mtu amesimama huko. Na ukifika penye jina langu, usiliruke.

Baba yako,
Yakobo